Begi kilo saba, watoto wawili, safari ya saa tisa angani

Haya jamani, habari zenu, karibuni tena. Leo mnaniona sijajipodoa, kilemba nimekifunga kwa mkono mmoja, maana tumeshuka kwenye ndege jana usiku na huyu mdogo mwili wake bado haujui kama ni mchana au usiku. Sasa hivi kalala. Nitaongea kwa sauti ya chini, na akiamka ndiyo mwisho wa video, tusilaumiane.

Kila nikiweka video ya safari swali ni lile lile: dada, unakaaje na watoto wawili ndani ya ndege saa zote hizo, wakati begi lenyewe la mkononi hawakuachii ubebe kitu? Safari hii nina jibu, kwa sababu safari hii sikuwa na kitu. Kabisa.

Ilikuwa hivi. Begi nilikuwa nimelipanga siku mbili. Vitabu vitatu, matofali ya plastiki ya kujengea, wanasesere wawili, boksi zima la kalamu za rangi, tabuleti. Nikajiona mama wa mfano. Tumefika getini, binti wa pale akalitazama begi, akanitazama mimi, akasema naomba tulipime. Mwisho kilo 7. Mzani ukasoma 9 na ushee. Nyuma yangu foleni, mkubwa anataka chooni, mdogo mgongoni anavuta kilemba. Nikaambiwa begi linakwenda chini na mizigo. Sikubishana, kosa lilikuwa langu. Nikachomoa pasi za kusafiria, dawa, nepi, maziwa na pawabenki, ile betri ya kuchajia simu, begi likafungwa kikaratasi, likaenda zake.

Hapo kwenye pawabenki hebu nisimame. Betri za akiba za lithiamu hazikai chini kwenye mizigo. Zikipata hitilafu zinawaka, na kule chini hakuna jicho la mtu. Zikiwakia juu, wahudumu wanaona na wanajua la kufanya. Inayoruhusiwa bila kuomba kibali ni isiyozidi wati-saa 100, yaani kipimo cha umeme inaoweza kubeba. Kama yako imeandikwa mAh tu, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa 3.7: ya 10,000 ni wati-saa 37, ya 20,000 ni 74. Kwa hiyo wakikuchukulia begi mlangoni, itoe kwanza, hata kama foleni inakusonya. Na mashirika mengine siku hizi hayataki uitumie mkiwa angani, basi simu ijazeni chaji mapema.

Tabuleti nayo? Tabuleti nimeikumbuka tumeshafunga mikanda.

Safari ya saa tisa. Mkubwa ana miaka sita, ana kiti chake dirishani. Mdogo ana mwaka mmoja na nusu, wa kupakatwa. Nikapekua mifuko ya koti: peni moja, tishu nusu pakiti, risiti. Basi.

Mkubwa akaanza, mama niletee tabuleti. Nikamwambia ipo chini. Akatazama chini ya kiti. Nikamwambia chini zaidi. Akanitazama kwa macho ambayo nadhani nitayakumbuka uzeeni.

Sasa kwenye ule mfuko wa kiti cha mbele, mara nyingi kuna ile karatasi ya kutapikia. Imekunjwa vizuri, safi, nyeupe. Nikaichukua, nikaichora macho mawili na nyusi, moja juu moja chini, nikaingiza mkono ndani. Nikaifanya iseme kwa sauti ya puani: "Nani kanikalisha gizani muda wote huu?" Yule mkubwa hakucheka. Akaisogelea, akaiuliza, "Unaitwa nani?" Nikajua tumeokoka.

Karatasi ile ikapata jina, ikapata mke (tulimwomba mhudumu ya pili, akaleta tatu), mke akapata hereni za tishu. Wakagombana, wakasuluhishwa. Mdogo kazi yake ilikuwa kumng'ata mume kichwani. Ikatuchukua zaidi ya saa nzima, nami nilikuwa nimelipa kilo mbili za vitu visivyofika hata kwenye kiti.

Nikamkumbuka shoga yangu aliyewahi kunisimulia alivyosafiri na mwanawe kutoka Uingereza Agosti 2006. Polisi walikuwa wamewakamata watu waliodaiwa kupanga kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Kuanzia asubuhi ya tarehe 10, anayeondoka kwenye viwanja vya kule aliingia na kimfuko cha plastiki kinachoonyesha: pasi, pochi, dawa za lazima, miwani bila kasha lake, tishu bila boksi lake. Maziwa ya mtoto yaliruhusiwa, lakini mzazi ayaonje kwanza mbele yao. Simu hapana. Kitabu hapana. Mtoto wa miaka minne, bahari nzima ya Atlantiki, na hata karatasi ya kuchora huna. Anasema waliimba mpaka abiria wa nyuma akaanza kuitikia. Hali ile ilikuwa ya siku chache tu, masharti yakalegezwa, lakini ile sheria ya mililita 100 tunayosumbuka nayo, kwamba chombo cha kimiminika kwenye begi la mkononi kisizidi hapo, ilizaliwa hapo. Ulaya ilianza kutumika Novemba mwaka huo huo.

Na hiyo mililita 100 inawakumba watoto kuliko mnavyofikiri. Ule ute wa kuchezea, wenyewe wanauita slaimu, unahesabiwa kama maji. Ile tufe ya kioo ukiitikisa theluji inaanguka, ni maji pia. Bunduki ya plastiki, hata iwe ya waridi na ya kurusha maji, usiithubutu. Nimeona mtoto analia pale kwenye mashine kilio cha msiba kwa ajili ya kopo la ute. Baadhi ya viwanja vimeanza kulegeza kwa sababu ya mashine mpya, lakini ukiondokea kilicholegeza unaweza kubadilishia ndege kwenye kisicholegeza. Maziwa ya mtoto yana msamaha wake. Yatoe pembeni, sema mapema, wakitaka kuyapima wapime.

Turudi kwenye kiti. Saa ya tatu karatasi zimechakaa, nikamwambia mkubwa: "Kitendawili!" Akajibu "Tega!" kwa sauti ya kuamsha safu mbili. Nikatega vya kawaida, nyumba yangu haina mlango na wenzake. Anavijua vyote, akachoka haraka. Nikamwambia basi tunga wewe, lakini lazima jibu liwe kitu unachokiona ukiwa umekaa hapo hapo. Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Alikaa kimya, namwona midomo inacheza. Cha kwanza: "Meza yangu ina mgongo wa mtu." Nikatafuta weee, kumbe kile kimeza kinachofunguka nyuma ya kiti cha mbele. Cha pili: "Nikimfunga, yeye ndiye kanifunga." Mkanda! Jamani mtoto wa miaka sita. Nilimwomba mji, akanipa, akatunga kingine. Tabuleti ingekuwepo, hivyo vitendawili visingezaliwa, lakini sitawadanganya, tabuleti ningekuwa nayo ningempa.

Kwa hiyo nimebadilika. Safari ijayo begi litabeba nguo za akiba na nepi, vya kuchezea vitakaa kwenye koti lenye mifuko mingi, maana mara nyingi kinachopimwa ni begi, si mtu. Nitaweka utepe wa karatasi, ule mafundi rangi wanaobandika ukingoni mwa dirisha. Kwa mtoto wa mwaka na nusu huo ni dhahabu: unambandikia vipande kwenye kimeza, anabandua, unabandika tena, haviachi alama. Vikombe viwili vya karatasi vya mle mle ndani, unaficha kifuniko chini ya kimoja. Penseli zenye pembe, si kalamu za rangi za mviringo. Hili la mviringo nimelisomea kwa machozi safari ya mwaka juzi. Ndege ikiwa angani huwa imeinua pua kidogo, digrii mbili au tatu hivi, hata wewe huhisi. Kalamu ya rangi inahisi. Ikidondoka inakimbilia nyuma, na kuna baba mmoja wa safu ya nyuma yangu aliniletea ile nyekundu mara tano.

Na usiwaonyeshe vyote kwa pamoja. Kitu kimoja, kichoshwe kabisa, ndipo kingine. Wala usianze mkiwa bado chini; ndege kujaa watu na kuanza kutembea ni sinema ya kutosha, usiifunike na kitabu chako kipya.

Ule mfuko mdogo wa mgongoni wa mtoto mwenyewe? Kama ana kiti chake kwa kawaida ana haki ya mzigo wake, soma masharti ya tiketi, wa kupakatwa ndiyo hutofautiana sana. Mbebeshe. Lakini jua mwisho wa siku utaubeba wewe, pamoja na yeye.

Cha masikio nimalize haraka, nasikia huyu anajigeuza. Kilio kikubwa mara nyingi kiko kwenye kushuka, si kwenye kupanda. Hewa ya ndani inarudi kuwa nzito na kimrija cha sikio cha mtoto ni chembamba, hakifunguki kirahisi mpaka ameze. Wakisema tunaanza kushuka, hiyo ni kama nusu saa kabla ya kugusa chini, muamshe. Najua inauma kumuamsha mtoto uliyemlaza kwa jasho. Mpe chupa au nyonyo, anyonye kidogo kidogo mpaka chini, usimpe yote kwa mkupuo. Mkubwa nilimwambia apige miayo ya uongo. Akapiga, nikapiga, na jirani yetu naye akapiga ya kweli.

Huyo, mnamsikia. Haya nakwenda. Mkubwa kaniagiza niwategee hiki chake cha mwisho, alikitunga magurudumu yanagusa chini, na jibu nisiwape mpaka mwandike wenyewe hapo chini: "Ana mdomo mpana, hana njaa, akilishwa, watu wote wanageuza uso."