Maji ya kuchanganyia dawa ni sehemu ya dozi

Kina mama, kina baba, na ninyi wenzetu wa maduka ya dawa muhimu: leo sianzi na kunawa mikono, hilo mmelisikia kliniki hadi mmelikariri. Naanza na chupa hii ya unga wa amoksilini ya watoto, yaani antibiotiki ya kuua bakteria, kwa sababu kosa lake halionekani kwa macho, na ndiyo maana linarudiwa kila siku.

Itazameni. Unga uko chini, na ubavuni pana mstari. Chupa ya mililita 100 yenye miligramu 125 katika kila mililita 5 imebeba miligramu 2,500 za dawa kwa jumla. Hizo haziongezeki wala hazipungui. Kinachobadilika ni maji yako. Ukijaza hadi shingoni, tuseme mililita 130, kila mililita 5 zinabaki na miligramu 96 hivi. Ukiishia mililita 75, zinapanda hadi 167. Mtoto yuleyule, lebo ileile, dozi mbili ambazo daktari hakuziandika. Halafu mtoto asipopona, tunasema dawa ni feki.

Kabla ya kufungua, gongagonga kitako cha chupa kiganjani mpaka unga uachane na kuta. Tia maji nusu ya kufikia mstari, funga, tikisa kwa nguvu mpaka lisibaki bonge hata moja chini. Hapo povu linapanda, na povu ndilo linalowaponza wengi: wanaliona limefika mstarini, wanaacha. Iweke mezani, subiri povu litulie, utaona dawa yenyewe iko chini ya mstari. Sasa ongeza maji mpaka yalingane na mstari, macho yako yakiwa usawa wake, usichungulie kutoka juu. Tikisa tena. Chupa nyingine hazina mstari, zinataja mililita za maji. Hizo pima kwa bomba la sindano, sindano yenyewe ukiwa umeitoa. Na tikisa kila unapompa mtoto, maana dawa inatuama. Usipotikisa, siku za mwanzo anakunywa nyepesi na siku za mwisho anakunywa nzito. Ikikaribia kuisha, usiiongeze maji ili imalize wiki. Nasisitiza hilo kwa sababu linafanyika.

Maji yenyewe yatokote, yapoe kabisa kwenye chombo chenye kifuniko. Najua atakayeuliza: si maji hayahaya tunakunywa kila siku? Unayoyanywa yanapita. Ya kwenye chupa yanakaa siku saba pamoja na sukari, kwenye joto la Dar es Salaam, na anayeyanywa ni mtoto ambaye tayari anaumwa. "Lakini ni antibiotiki, si itaua wadudu?" Haiui fangasi, haiui virusi, na bakteria wengi wa tumboni wameshaizoea. Mwingine anaona atumie maji ya moto ili unga uyeyuke upesi. Joto linaiharibu dawa kabla mtoto hajaionja.

Wauzaji, na ninyi: mkimchanganyia mteja dukani, maji yametoka wapi? Ndoo ya nyuma ya kaunta ambayo kila mtu anachovya kikombe? Hata kama mlitia klorini asubuhi, mikono ya siku nzima inaimaliza nguvu. Tumieni ndoo yenye bomba na kifuniko. Mkitoa chupa mbili, ya pili ibaki unga mkavu hadi ya kwanza iishe. Siku zilizoandikwa zikipita, mara nyingi ni 7, kinachobaki si cha kumtunzia mdogo wake. Amoksilini iliyoongezwa asidi ya klavulaniki, ile inayoisaidia kushinda bakteria sugu, ikishachanganywa lazima ikae kwenye friji, isiwekwe friza. Mteja aulizwe mapema kama ana friji, kabla hajalipa.

Haya, muda unakimbia na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa mtoto anayeharisha, sijaigusa. Kuna paketi za lita moja na za nusu lita. Soma kabla ya kukata. Paketi nzima, maji yake yote, kwa mara moja. Kuchota kijiko cha unga ukakoroga kwenye kikombe ili usipoteze ndiyo hatari yenyewe: chumvi ikizidi, inavuta maji ya mwili kuingia utumboni, na mtoto anazidi kuharisha. Chupa mbili za maji ya dukani za nusu lita ni lita moja kamili, huna haja ya kukisia. Usiongeze sukari, usitumie soda wala juisi, na usichemshe ukishachanganya. Saa 24 zikipita, mwaga. Wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kijiko kimojakimoja. Zinki, vidonge vya madini anavyopewa pamoja na ORS, inaendelea siku zote alizoandikiwa hata kuharisha kukikoma, na kidonge chake kinayeyushwa kijikoni kwa maji safi au maziwa ya mama yaliyokamuliwa.

Sindano tuziache, hatuna muda nazo. Dawa ya macho kwa ufupi: ncha isiguse kope, chupa moja mtu mmoja, na nyingi zinatupwa siku 28 baada ya kufunguliwa hata ikibaki nusu. Tarehe ya kufungua iandikwe kwa kalamu kwenye lebo, siku hiyohiyo, kabla ya tone la kwanza.