Kanisa Kuu la Canterbury na Waandishi Wake

Habari zenu ndugu watazamaji, popote mlipo huko nyumbani. Leo nazungumza nanyi kutoka Canterbury, kusini-mashariki mwa Uingereza, katika kanisa kuu ambalo Waanglikana wa kwetu hulisikia kila anapotajwa Askofu Mkuu wake.

Upande huu wa kaskazini ndipo Askofu Mkuu Thomas Becket alipouawa tarehe 29 Desemba 1170, kwa panga za makabaila wanne wa Mfalme Henry wa Pili, aliyekuwa amezozana naye kwa miaka kuhusu nani mwenye haki ya kuwahukumu makasisi. Edward Grim, aliyesimama kando yake, alijeruhiwa mkono akijaribu kumkinga, kisha akaandika aliyoyashuhudia. Becket alitangazwa mtakatifu mwaka 1173, na mwaka uliofuata mfalme mwenyewe alikuja hapa miguu mitupu, akachapwa viboko na watawa.

Tazameni ngazi hizi za mawe ziendazo mahali mwili wa Becket ulipohamishiwa mwaka 1220: zimelika na kubonyea kwa nyayo na magoti ya mahujaji. Mwaka 1538 Henry wa Nane aliamuru kaburi livunjwe, dhahabu na vito vikachukuliwa, na sasa hapo huwaka mshumaa tu. Hata hivyo, mahujaji walikuwa wamekwisha kuhifadhiwa na mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer, ambaye mwishoni mwa karne ya 14 aliwaandika kwa Kiingereza katika kitabu chake The Canterbury Tales, wakati Kilatini na Kifaransa bado zilikuwa lugha zenye hadhi kubwa. Anawakusanya katika nyumba ya wageni ya Southwark, karibu na London, kila mmoja asimulie hadithi njiani, na mara tu kabaila anapomaliza, msaga nafaka mlevi anadai zamu yake, naye anapewa. Napenda sana ukarimu huo wa Chaucer kwa sauti za watu wa chini. Alifariki mwaka 1400 bila kukikamilisha kitabu, na mahujaji wake hawalifikii kaburi.

Mwaka 1935, tamthilia ya mshairi T. S. Eliot kuhusu kifo cha Becket, Murder in the Cathedral, ilichezwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa mikutano wa watawa, hatua chache kutoka hapa aliposhambuliwa, huku wanawake maskini wa Canterbury wakipewa nafasi ya kiitikio, yaani kundi linalosema kwa pamoja jukwaani. Anayetaka kusoma aanze na tamthilia hiyo, kwa kuwa ni fupi, ndipo amwendee Chaucer, ambaye Kiingereza chake cha kale kinahitaji toleo lenye maelezo.