Mgeni Rasmi wa Lekcha ya Uchumi

NEEMA: Haya, maiki inasoma. Karibuni tena, mlioko Dodoma mjini na mnaotusikiliza mkirudi Kondoa. Mimi na Dokta Lugendo tumekuja na karatasi yetu ya mambo matatu: mimi wa lugha na yeye wa somo tufundisheje pamoja…

LUGENDO: Itifaki imezingatiwa?

NEEMA: Ameshaanza! Ngoja niseme mwenyewe kabla hajaniharibia. Wiki hii niliingia lekcha ya uchumi ya mwaka wa kwanza kama mwalimu wa pili. Mwenye somo anafundisha, mimi wa lugha nimo humo humo naangalia watoto wanaachwa wapi. Ukumbi umejaa hadi kwenye ngazi. Kiongozi wa darasa akaniona nimesimama, akatoka mbio, akarudi na kiti cha plastiki na maji ya chupa. Akakiweka mbele kabisa, kinawatazama wanafunzi.

LUGENDO: Meza kuu!

NEEMA: Nikakaa. Ningefanyaje? Kila mwalimu akitulia kidogo, ukumbi mzima unanitazama mimi.

LUGENDO: Wanasubiri hotuba. Risala ilisomwa?

NEEMA: Dokta.

LUGENDO: Nauliza tu. Maana mgeni rasmi asiposomewa risala, bumu, yaani pesa yao ya mkopo, likichelewa watamlilia nani?

NEEMA: (anacheka) Mmoja aliniuliza mlangoni kama natoka wizarani! Sasa nisikilize. Mwenye somo alitoa mfano wa zabibu: msimu wa mavuno bei inashuka, mkulima wa Hombolo hawezi kuzificha zisioze. Mfano mzuri. Kisha akatania, kwa Kiingereza cha haraka, kwamba yeye akila zabibu nyingi uchumi wa nchi unapanda. Nikapita nyuma kuchungulia madaftari. Wameuandika ule utani! Mmoja kaupigia mstari na rula.

LUGENDO: Huyo ataujibu kwenye mtihani.

NEEMA: Na atakula sapu, arudie mtihani. Miaka saba kasoma kwa Kiswahili, sekondari kakariri kwa Kiingereza, leo anashindwa kujua kipi ni somo na kipi ni mzaha. Utaliona hilo ukiwa ofisini kwako?

LUGENDO: Nitaliona kwenye testi.

NEEMA: Umeshachelewa.

LUGENDO: Dada Neema, mimi sikubali mtu wa pili ukumbini. Darasa lina mwenyewe. Ukinikatiza mara mbili, mara ya tatu wanakusubiri wewe ndiyo waandike. Rekodi lekcha yangu, kaisikilize, uwatengenezee kipindi chao. Johns na Dudley-Evans, walimu wa Kiingereza pale Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, waliandika habari hiyo mwaka 1980. Wanafunzi wa kigeni wa uzamili, wa usafirishaji na wa bayolojia ya mimea. Lekcha ikarekodiwa, mwalimu wa lugha akaifanyia kazi. Hakuna aliyewekewa kiti.

NEEMA: Umeishia njiani. Kwenye kipindi kilichofuata, mwenye somo naye alikuwepo! Wanafunzi, wa lugha na wa somo, pande zote tatu chumba kimoja. Wewe utakuja kwangu saa kumi jioni?

LUGENDO: Wale walikuwa wachache, wa uzamili. Mimi nina umati, na semina zangu nimwachie nani?

NEEMA: Basi Birmingham yako inakufaa nusu tu. Ile inayokupumzisha.

LUGENDO: Inanifaa kwa sababu mwanafunzi akikuona umekaa pale anajiambia, «Kumbe sisi tumeletewa msaidizi.» Unamwonyesha udhaifu wake mbele za watu.

NEEMA: Anaona walimu wawili wanaulizana maswali! Hajawahi kuona mwalimu akiuliza.

LUGENDO: Sijashawishika.

NEEMA: Wala mimi.

LUGENDO: (kimya kidogo) Lakini hicho kiti, kilikuwa na kitambaa?

NEEMA: Kilikuwa na kitambaa.

LUGENDO: Cheupe?

NEEMA: Cha maua. Wee, utepe nao utauulizia lini?

LUGENDO: Nilikuwa nafika huko.

NEEMA: Wenye chumba wanatuonyesha saa mlangoni. Na karatasi hatujaigusa.

LUGENDO: Soma la kwanza basi.

NEEMA: «Kaeni mkubaliane mwalimu wa lugha atakuwa wapi wakati wa lekcha.»

LUGENDO: Ruka.

NEEMA: La pili: alama za kozi zigawanywe vipi kati ya lugha na somo.

LUGENDO: Hilo usilifungue saa hii, tutalala humu. Zima, zima.