Jabal Akhdar na watoto: gari, baridi na marashi

Assalam alaykum watazamaji wa nyumbani, Unguja, Pemba, Mombasa, Tanga, Dar na kote mliko. Wengi mnaokuja Oman kuwaona jamaa mnaishia Muscat. Mkishamaliza soko la Mutrah na pwani, joto linawafungia ndani na kiyoyozi, watoto wanaanza kugombana. Video hii ni ya kuwapandisha mlimani, Jabal Akhdar, mkalale huko mara mbili. Muscat ikipita digrii 40, juu kwenye uwanda wa Saiq mchana hucheza kwenye 30, na usiku kila mtu anavuta blanketi. Hapo ni mita 2,000 hivi juu ya bahari. Desemba na Januari usiku hushuka mpaka sifuri, kwa hiyo watoto wawe na soksi, kofia na sweta nzito, si kikoi na fulana.

Tuanze na gari, maana bila gari lenyewe hamfiki. Kutoka Muscat mnashika barabara kuu ya Nizwa mpaka Birkat al-Mouz, mwendo wa saa moja na nusu. Mlima unaanzia hapo, na hapo kuna kizuizi cha polisi. Askari anaangalia leseni ya dereva na mulkiya, kadi ya gari, kisha anahakikisha gari ni 4x4. Gari dogo la saluni linarudishwa, hata liwe jipya. Mkikodi, mwambieni mwenye gari tangu mwanzo kwamba mnakwenda Jabal Akhdar, na msome mkataba unasemaje kuhusu bima ya barabara za milimani.

Barabara ni lami nzuri mpaka juu, ndiyo maana watu huuliza 4x4 ya nini. Hatari iko kwenye kushuka. Mnateremka zaidi ya mita 1,200 ndani ya kilomita thelathini na kitu, kona juu ya kona. Dereva anayekanyaga breki njia nzima anazichemsha. Mafuta ya breki yakishika joto yanatoa mvuke ndani ya mabomba, pedali inazama hadi chini, na gari haliitiki. Kwa hiyo kabla ya kuanza mteremko, toa gia kwenye D, weka L au 2, au tumia gia za mkono kama gari linazo. Acha injini ishike gari. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa uthabiti, punguza mwendo, kisha achia kabisa zipoe. Usiegeshe mguu juu ya pedali. Mkisikia harufu ya kuungua, ingieni kwenye maegesho ya pembeni, mkae nusu saa. Usimwagie maji diski ya moto, itapinda. Zipo pia njia za dharura zinazochepuka kutoka barabarani kwa gari lililokosa breki. Zitazameni wakati wa kupanda mjue zilipo, na msiegeshe hapo kupiga picha. Jingine: kwenye lami kavu, gari la 4x4 la kuchagua kwa mkono liache kwenye 2H, yaani magurudumu mawili tu yakisukuma. Ukifunga 4H, yaani yote manne, halafu ukakata kona kali, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavutana na unaumiza mfumo mzima.

Kona zinachafua matumbo ya watoto. Wapeni chakula chepesi saa moja kabla, mkate na ndizi vinatosha, na waangalie mbele badala ya simu. Masikio yakiziba, mkubwa amumunye peremende, mchanga anyonye.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Familia zetu za pwani, na za Oman vilevile, zina watu wengi wenye selimundu. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo, na baridi pamoja na kukosa maji mwilini huamsha maumivu. Mwenye selimundu azungumze na daktari wake kabla ya safari, na daktari akisema hapana, basi Birkat al-Mouz chini ina mitende, mashamba ya ndizi na Falaj al-Khatmeen, mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Siku haitapotea. Wasiokuwa na tatizo hilo nao wanywe maji kila mara hata bila kiu, na wapake mafuta ya jua, maana jua la juu huunguza ingawa upepo ni baridi.

Mkipanga nyumba yenye jiko, jueni maji huchemka kwenye digrii 93 tu huko. Maharage na mbaazi hazitaiva kwa wakati mliouzoea: ziloweke usiku kucha, mbebe sufuria ya presha. Wali unahitaji maji kidogo zaidi na moto wa chini wa muda mrefu.

Sasa mawaridi ya mlimani, yanayotoa marashi. Msimu ni mwisho wa Machi mpaka katikati ya Mei, na maua huchumwa alfajiri kabla jua halijayanyang'anya harufu. Tazameni hii picha ya tanuri la udongo. Maua yanaingia kwenye chungu, juu yake kinawekwa kibakuli cha shaba, halafu chungu kinafunikwa kwa bakuli kubwa lililojaa maji baridi. Mvuke unapanda, unagusa kitako cha bakuli la baridi, unageuka tone na kuangukia kwenye kibakuli. Maji ya juu yakipata moto lazima yabadilishwe, la sivyo mvuke hauwi maji. Marashi ya namna hii hutoka na rangi ya kahawia na harufu ya moshi, na huachwa mwezi au zaidi yatulie kabla ya kutiwa chupani. Mitambo mipya ya chuma hutoa marashi meupe. Kwa mrashi wa maulidi na harusi chukueni meupe, hayaachi doa kwenye kanzu. Yale ya moshi mtie kwenye halua na kahawa, hayana mfano. Kwenye ndege chupa iende kwenye begi la mizigo, si la mkononi, kizibo kikizungushiwa utepe.

Mkija Septemba mnakuta komamanga badala ya waridi. Bustani zote zina wenyewe, msichume, nunueni barabarani.

Kwa kutembea, njia ya kutoka kijiji cha al-Aqr kupitia al-Ayn hadi al-Shirayjah ni nzuri kuliko zote, inapita katikati ya makonde ya ngazi. Mpe mtoto mdogo mkono, maana kuta hazina kizuizi na chini ni korongo. Wadi Bani Habib, kijiji kilichohamwa, kina ngazi nyingi: bibi na babu wabaki juu kwenye kivuli. Ndani ya nyumba zile msiingie, dari zimeoza.

Siku? Pandeni Jumatano, mshuke Ijumaa asubuhi kukipambazuka. Alhamisi jioni Muscat nzima inapanda, na bei za vyumba zinapanda nayo. Mkishuka mapema mnawahi mnada wa mbuzi wa Nizwa, unaochangamka kuanzia saa moja asubuhi na kupungua saa tatu. Wauzaji wanazungusha mbuzi kwenye duara, wanunuzi wanawashika mkono bei ikikubalika. Watoto wasimame nyuma ya ukingo, ng'ombe dume hukata kamba. Ngome iko hatua chache tu, imejengwa na Imamu Sultan bin Saif wa Ya'rubi, ukoo uleule ulioiteka Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Iingieni kabla ya saa tano, maana sala ya Ijumaa ikikaribia mji unafungwa.