Pasti Pepa Uliyokwisha Kuifanya

(Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha nne na wazazi wao, Ngamiani, Tanga)

Assalaam alaykum, wazee wangu. Na nyinyi vijana, hamjambo? Nimeombwa niuzungumzie mtihani wa Novemba. Nitashika jambo moja tu: pasti pepa, yaani karatasi za mitihani ya miaka iliyopita.

Miezi hii ukipita kwenye steshenari zetu, mashine ya kopi haipoi. Vijana wanatoa kopi za mitihani ya Baraza la Mitihani ya miaka chungu nzima, wanazibana, wanapiga msuli. Vizuri. Lakini muulize mmoja, "Hisabati unapata ngapi?" Atakwambia, "Ya 2021 nimepata themanini na kitu." Umeifanya mara ya ngapi? Anacheka. Ya tatu.

Sasa hiyo themanini ni ya nini? Mara ya kwanza mtihani ulikupima wewe. Mara ya tatu umepima tu kama unaukumbuka mtihani wenyewe. Kwenye maswali ya kuchagua ndiyo balaa: mtoto hata swali halisomi, mkono unakwenda wenyewe kwenye D.

Je, tuzichome? Hapana! Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari. Kisha ama walikisoma tena, ama waliandika wanachokikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, kusoma tena kulishinda. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Na wala hawakusahihishiwa. Kwa hiyo kule kuhangaika kukumbuka ndiko kunakofundisha, na pasti pepa ya zamani bado inaweza kukuhangaisha, ukitaka.

Ukirudia swali la kuchagua, usiridhike na D. Andika kwa nini herufi nyingine hazifai, halafu utunge swali ambalo B ndiyo jibu lake. Hapo utajua kama mada unaijua. Hisabati ndiyo rahisi kuliko yote: badilisha namba, au kama waliuliza pembe, wewe taja pembe na uulize upande. Swali moja linazaa manne. Uliyokosa yaandike kwenye daftari lake, bila majibu, uyarudie wiki kadhaa baadaye, ukishaanza kuyasahau. Ukiyarudia kesho yake unajidanganya.

Kuna kitu kingine, na hiki kinaniudhi. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, bure kwenye tovuti yake. Ndani mna sampuli za majibu mazuri na mabaya, na maelezo ya walipoteleza. Watu wananunua madesa, hii ya bure hawaigusi!

Pasti pepa za zamani mno ziangalieni muundo. Hisabati zamani sehemu B ilikuwa na maswali ya kuchagua ufanye yapi; miaka ya karibuni unafanya yote 14 kwa saa 3.

Wazazi, kazi yenu ni hii. Pasti pepa mbili za karibuni kabisa, ambazo mtoto hajazigusa, zifungieni kabatini. Mtoe moja Septemba, nyingine Oktoba, Jumamosi asubuhi, simu ibaki kwenu. Saa 3 zikiisha mnyang'anyeni karatasi hata kama amebakiza mstari mmoja, maana msimamizi wa Novemba hamwongezei mtu dakika.