Laki mbili hizo, zihesabu tena

(Mhadhara kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na wazazi wao, Dar es Salaam)

Wazazi na walezi, shikamooni. Wanafunzi, naona mmejibana kule nyuma karibu na mlango, kama watu wanaojua tayari watakachoambiwa. Sogeeni. Sitawaambia kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Bango hilo mmelisoma tangu chekechea, na aliyeamua kuacha shule anaacha akiwa amelisoma. Leo tunapiga hesabu tu, kwa hiyo mwenye kalamu aitoe.

Swali ni lile lile la kila mwaka, na huja msimu huu huu, Agosti, kidato cha tatu. Kuna kazi dukani Kariakoo, ya kudumu, laki mbili kwa mwezi. Niache shule?

Tuanze na laki mbili yenyewe. Mtu akiitamka anaiona imekaa nzima kwenye simu. Haikai nzima. Kazi ya duka ni siku sita kwa wiki, kwa mwezi siku 26. Kama unakaa pa kuunganisha magari mawili, ni safari nne kwa siku. Leo ukiwa na sare unalipa 200 na konda anakununia. Siku unayoivua unakuwa mtu mzima: 600 kwa safari fupi, na zaidi kwa ndefu. Konda ataacha kukununia, hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kuacha shule. Sasa 600 mara nne ni 2,400, mara siku 26 ni 62,400. Andika.

Chakula cha mchana kwa mama ntilie, wali maharage bila mbwembwe, tuweke 2,500. Mara 26 ni 65,000. Najua kuna mzazi anasema moyoni, "bosi anatoa chakula." Sawa. Wapo wanaotoa, na wapo wanaotoa mwezi wa kwanza. Uliza kabla hujaanza, na jibu liwe kwenye karatasi. Mwingine anasema, "atabeba chakula cha nyumbani." Kwani cha nyumbani kinaota? Unga ule ule wa mama ndio umehamia kwenye kontena.

Toa 62,400, toa 65,000. Imebaki 72,600. Sijagusa bando, sijagusa nguo za kuonekana mbele ya wateja, sijagusa ule mkopo mdogo wa mwenzako wa kaunta. Na kama bosi ni wa kweli atakuandikisha NSSF, asilimia 10 yako itakatwa, yaani 20,000 nyingine. Hiyo siilalamikii, ni akiba yako, na yeye anatakiwa kuweka 10 zake. Lakini wengi hawawaandikishi, basi tubaki na 72,600. Kazi uliyopewa si ya laki mbili. Ni ya sabini na mbili elfu na mia sita.

Bado saa. Unafungua saa moja asubuhi, unafunga saa moja jioni. Ni saa 12. Toa moja ya kula, zimebaki 11. Mara 26 ni saa 286 kwa mwezi. Laki mbili gawanya kwa 286: unapata 699. Saa nzima ya kusimama, kubeba maboksi na kuitikia "nakuja, bosi" inalipa nauli ya gari moja na chenji ya 99.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Kwa mwezi ni saa 195. Zako ni 286, kwa hiyo 91 ni za ziada, na za ziada hulipwa mara moja na nusu. Fanyeni wenyewe: 200,000 gawanya 195, zidisha moja na nusu, zidisha 91. Mzee wa mstari wa pili ameshapata, naona anatikisa kichwa. 140,000. Kila mwezi unamwachia bosi laki na arobaini, wewe ukidhani umepewa kazi kwa huruma. Tena ziada yenyewe ina kikomo, saa 50 katika wiki nne. Kwa ratiba hii unafika 84.

Najua mnachosema. "Hizo sheria za vitabuni, Kariakoo siyo hivyo." Kweli, kaunta nyingi siyo hivyo. Sikutumi uende na kitabu cha sheria siku ya kwanza, utarudishwa nyumbani kabla ya chai. Nakwambia ujue unauza nini na kwa bei gani, kwa sababu mtu asiyejua bei ya mali yake hushukuru akipewa nusu.

Na hapa wengi mna miaka 16 au 17. Kitambulisho cha taifa hupewa aliyetimiza 18. Huna, kwa hiyo laini ya simu ni ya mjomba, mshahara unaingia kwa mjomba, na mjomba naye ana shida zake. Sheria ile ile ya Ajira inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, kiwandani, kwenye chombo cha majini kama baharia, na mahali popote pa hatari. Anayekuchukua kiwandani una miaka 17 anajua anavunja sheria, ndiyo maana jina lako haliingii daftarini. Mashine ikikuuma kidole, utaambiwa hukuwahi kufika getini.

Tumalize la hela, kisha nizungumzie karatasi, maana huko ndiko watu wanapopotea kabisa.

Mpo kidato cha tatu, muhula wa pili. Kutoka mwezi huu mpaka mtihani wa Novemba mwakani ni miezi 15. Zidisha 72,600 kwa 15: 1,089,000. Hiyo ndiyo bei ya kubaki shuleni mpaka mwisho. Siwadanganyi kwamba ni ndogo. Kuna nyumba humu milioni moja na themanini na tisa elfu ingelipa kodi ya chumba mwaka mzima na kumtibu bibi. Na ada kufutwa mpaka kidato cha nne tangu 2016 hakukufuta sare wala madaftari. Kwa hiyo mzazi aliyekaa hapa anawaza, simwiti mjinga. Ninachokataa ni kuamua kwa kulinganisha laki mbili na hewa. Linganisha milioni moja na themanini na cheti cha kidato cha nne, halafu ongea.

Cheti hicho, vijana wa kidato cha tatu huwa hawajui kinaanzia wapi. Mtu amepata F nne kwenye mtihani wa nusu muhula, anasema mimi sina akili za shule, niende zangu. Sikilizeni. D huanzia alama 30. Siyo 50, siyo 45. Thelathini. D katika masomo manne yasiyo ya dini inakufungulia kozi ya astashahada chuoni, na astashahada hukupeleka stashahada, na stashahada hukupeleka mbele. Hebu nipigieni mahesabu ya mwanafunzi mwenye D nne na F tatu: D ni pointi 4, zikiwa nne ni 16, F ni pointi 5, zikiwa tatu ni 15. Jumla 31. Divisheni ya nne inaanzia 26 mpaka 33. Huyu mnayemcheka mtaani kwa kupata "foo" ana sifa ya kuingia chuoni. Aliyeacha kidato cha tatu huku akiongoza darasa hana.

Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema mpaka mnichoke: katika mfumo huu miaka haigawanyiki. Miaka mitatu ya sekondari haikupi robo tatu ya cheti. Una cheti cha darasa la saba, una matokeo ya kidato cha pili, halafu ni jangwa mpaka Novemba ya kidato cha nne. Mtu akiniambia nataka kuacha, simuulizi kwa nini, namuuliza lini. Kuacha Desemba baada ya mtihani ni kuhitimu. Kuacha Agosti ya kidato cha tatu ni kuacha mzigo katikati ya daraja.

"Mbona wenye digrii wamejaa mtaani wanauza chipsi?" Nilikuwa nalisubiri hilo. Wapo. Lakini nafasi ikitangazwa kwenye Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, muuza chipsi mwenye digrii anapakia vyeti vyake, na tangazo lenyewe linakwambia wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne hazikubaliwi, kinatakiwa cheti chenyewe. Kinaulizwa hata kwa mwenye digrii! Yeye ana uwezekano mdogo. Wewe huna hata mahali pa kubofya.

"Na yule tajiri aliyeishia la saba, ana maghorofa?" Mwulizeni watoto wake wanasoma wapi. Twende.

Sasa kuna anayelazimika. Baba amefariki, mama anaumwa, yeye ndiye mkubwa. Huyo sitamhubiria, nitamwambia namna ya kutoka ili mlango ubaki wazi.

Kwanza, usitoroke. Mwanafunzi asiyeonekana kwa siku 90 mfululizo hufutwa kwa utoro, na kumbukumbu hiyo inamfuata. Mzazi aende kwa mkuu wa shule, aandike barua, aeleze sababu na tarehe, abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Waraka wa Elimu namba 2 wa 2021 unamruhusu aliyekatiza masomo arudi, na dirisha lake ni miaka miwili. Watu wanadhani ni wa mabinti waliopata ujauzito peke yao. Siyo, ni wa kila aliyekatiza.

Pili, ondoka na namba yako ya mtihani wa kidato cha pili. Iandike mahali pawili. Aliyefaulu kidato cha pili anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea bila kuanza na Mtihani wa Maarifa, ile QT ya kupima kama unastahili kufanya mtihani wa kidato cha nne. Usajili huwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Anayekumbuka Juni amekumbuka mwaka unaofuata. Na ujue unachopoteza: mwanafunzi wa shuleni ana tathmini endelevu yenye alama 30 katika 100, anaingia chumba cha mtihani na kitu mfukoni. Wa kujitegemea hana, kila kitu kinaamuliwa na karatasi ya siku ile. Masomo ya sayansi yana mtihani wa vitendo, hivyo tafuta kituo chenye maabara, maana kukariri titresheni kwenye daftari hakukufikishi.

Tatu, na hapa ndipo mipango hii hufia. Kila anayeacha husema "nitasoma jioni." Darasa la jioni linaanza saa kumi au kumi na moja. Wewe unafunga duka saa moja. Basi kama ni lazima ufanye kazi, chukua inayokuachia saa kumi, hata kama ni 150,000. Ile ya laki mbili itakununua mpaka usingizi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo vya sekondari kwa njia mbadala, vidato viwili kwa mwaka mmoja. Waulizeni walio karibu nanyi kabla ya kumjibu bosi.

Nne, kazi yenyewe. Omba maelezo ya ajira kwa maandishi: jina, kazi unayofanya, tarehe ya kuanza, mahali, saa, ujira. Ni haki yako siku ya kwanza. Uliza kuhusu hasara ya mzigo, kwa sababu maduka mengi mzigo ukipungua hukata mshahara wa kijana hadi ukabaki mkia. Makato ya hasara yanahitaji makubaliano ya maandishi na hayatakiwi kuvuka robo ya ujira. Na angalia ukikaribia miezi sita. Kabla ya hapo sheria ya kuachishwa kazi isivyo haki haikulindi, ndiyo sababu kuna mabosi ambao vijana wao wote wana miezi mitano.

Tano, je, kazi inakufundisha kitu? Gereji inayokulipa 80,000 lakini inakufundisha kushusha injini si sawa na duka la laki mbili linalokufundisha kubeba. Fundi aliyejifunzia gereji anaweza kupimwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ujuzi wake akapewa cheti, wanaita urasimishaji. Kubeba maboksi hakuna anayekurasimishia.

Bodaboda za mkataba nilikuwa na hesabu yake hapa, hesabu ya 10,000 kwa siku na ile cheni na matairi anayolipa dereva, lakini naona mwalimu ananionyesha saa. Na la mabinti wa kazi za ndani, ambalo ni zito kuliko yote, limemezwa na nauli. Ni kosa langu. Waliokuja kwa ajili hiyo tubaki pale chini ya mwembe, nina fomu za vituo vya njia mbadala, chache, mje na jina la kata yenu.

Mzee, umenyoosha mkono tangu pale kwenye 140,000. Karibu.