Albamu za Kisa Kimoja: Zinabeba Wapi, Zinaangusha Wapi

KULWA: Haya karibuni tena, tuko Kirumba hapa Mwanza, madirisha wazi maana joto la leo si la kawaida, kwa hiyo mkisikia daladala zinapiga honi tuvumiliane. Leo Doto kanibana tuongelee zile albamu za progu metali, yaani metali yenye nyimbo ndefu na mipangilio tata, albamu nzima hadithi moja.

DOTO: Nimekubana dada kwa sababu nakutana na watu wanapenda metali kabisa, ila ukiwaambia albamu ina kisa, wanakimbia. Na mimi nasema wakati mwingine wana haki ya kukimbia.

KULWA: Wana haki kivipi tena?

DOTO: Chukua The Astonishing ya bendi ya Dream Theater, 2016. Nyimbo 34, diski mbili, zaidi ya masaa mawili! Afu wahusika kibao, wafalme, waasi, mapenzi, na wote hao anawaimba mwimbaji wao James LaBrie peke yake. Mtu anaongea na mwenzie, sauti ileile, sasa bila kushika karatasi ya mashairi utajuaje nani kajibu nani? Na katikati kuna vipande vya kelele za mashine tu, yaani hata ukipanda meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, muda ukawa nao wote bado utavirukisha.

KULWA: Hapo nakubali, ila bendi ileile si ndo walitupa Scenes from a Memory 1999? Kijana Nicholas analazwa usingizi na mtaalamu, anarudishwa nyuma, anakuta yeye aliwahi kuwa Victoria, binti aliyeuawa 1928, na kuna ndugu wawili wanamgombania. Ukisimuliwa hivi unaona ni tamthilia ya kawaida tu.

DOTO: Kabisa.

KULWA: Sasa sikiliza One Last Time, ile piano. Mara ya kwanza unaisikia kama huzuni tu, wimbo wa kuagana, unapita. Unafika mwisho, Finally Free, Victoria anakutana na mpenzi wake kwa siri, na ile melodi inarudi, palepale ambapo mauaji yanatokea, na wewe ndo unashtuka kwamba kumbe kule nyuma ulishaambiwa. Hakuna mtu kakueleza, melodi ndo imekueleza. Mimi hapo nywele husimama kila mara.

DOTO: Aisee ni kama ngano za bibi, ule wimbo ulio ndani ya ngano, kila ukirudi mambo yameshazidi kuwa mabaya na watoto wanaujua wanaitikia huku wanaogopa.

KULWA: Ndo hivyo hivyo! Muziki ukishika hadithi, hata mtu asiyejua kiingereza anafuata. Maneno yakishika peke yake, gitaa linabaki kusindikiza tu.

DOTO: Na suala la sauti Ayreon, mradi wa Arjen Lucassen, ulilitatua vizuri sana kwenye The Human Equation, 2004. Jamaa kapata ajali ya gari yuko koma, nyimbo 20 siku 20, na hisia zake kila moja ina mwimbaji wake. Hofu ni Mikael Åkerfeldt wa bendi ya Opeth, Hasira ni Devin Townsend. Huhitaji karatasi, Hasira akifungua mdomo unajua ni nani.

KULWA: Ila hiyo nayo huwezi kuchomoa wimbo mmoja ukampa mtu, unamkuta katikati ya mabishano haelewi kitu. Na vijana wa sasa wananunua bando, wimbo mmoja mmoja, simu inachanganya mpangilio. Ndo maana Operation: Mindcrime ya bendi ya Queensrÿche, 1988, kwangu bado iko juu. Nikki mraibu wa heroini, Dr. X anamgeuza muuaji, anamtuma amuue mtawa, Sister Mary, kisa kizito, lakini Eyes of a Stranger ukiipiga yenyewe tu inasimama, kiitikio kinakaa kichwani hata kama Nikki humjui.

DOTO: Kwa hiyo mgeni aanzie hapo?

KULWA: Aanzie hapo, asikilize mpangilio ule ule wa albamu, asiruke. Afu ndo Scenes, na hiyo aisikilize usiku kwa hedifoni.

DOTO: The Astonishing je?

KULWA: Achague nyimbo nne tano azipendazo, zingine aziache. Hakuna dhambi hapo.